Soksi za Sufu

Saa nane za usiku simu inanguruma juu ya meza,
na kabla sijaishika najua: Bożena, muuguzi wa zamu.
"Kuna mmoja hapa. Daktari hamtaki.
Njoo na vitu vyako."

Vitu vyangu ni hivi: jozi mbili za soksi za sufu,
chaja ya simu, chai kwenye chupa,
na miaka kumi na mmoja niliyoimwaga
katika kila baa ya Łódź yenye mlango.

Tramu zimelala. Natembea.
Theluji ya jana imegeuka barafu nyeusi,
nanyata kama mwizi kwenye mji wangu mwenyewe.
Pale kona duka la pombe halifumbi jicho;
taa yake ya kijani bado inalijua jina langu.
Sijidai shujaa.
Navuka barabara.

Anaitwa Mirosław. Fundi wa lifti.
Amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu mitupu,
kiatu kimoja kimebaki ndani ya gari la wagonjwa.
"Daktari?"
"Hapana."
"Padri, basi."
"Mimi nililala kitanda hicho hicho.
Enzi zangu godoro lilikuwa bovu zaidi."
Ananikagua kama mtu aliyepewa noti asiyoiamini.

Simwambii habari za nia na nguvu za nia.
Niliambiwa hayo yote; yaliingia sikio hili,
yakatokea la pili, nikaenda zangu dukani.
Namwambia: vaa soksi kwanza.

Anavaa. Taratibu, kisigino kwa kisigino.
"Ilikuwa gilasi ndogo tu," anasema.
Maji ya kifuu, bahari ya chungu;
na chungu tulikuwa sisi, yeye na mimi,
tukipiga makasia kwa miguu sita.

Kisha, bila kuinua macho: "Na sauti? Zilikuacha?"
"Moja imebaki. Huja nikimenya viazi.
Inasema kama mama wa mume niliyeachana naye.
Naiambia, subiri, nina kazi mpaka alfajiri.
Siku nyingine inasubiri."
Anacheka. Kicheko kinakatikia kwenye kikohozi,
Bożena anachungulia, anaurudisha mlango.

Mwezi wa pili nilikuja hapa kwa ajili ya Radek.
Naye alivaa soksi. Naye alicheka.
Namba yake imo kwenye simu yangu mpaka leo,
siifuti,
siipigi.

Hilo simwambii Mirosław usiku huu.
Namweleza Alhamisi: chumba cha nyuma
kwenye karakana ya baiskeli, harufu ya grisi,
matango ya chumvi kwenye mtungi wa kioo,
Zenon akipanga viti, kila wiki kimoja cha ziada,
na hakuna anayemuuliza ni cha nani.
Huko anayetaka kunyamaza ananyamaza.
Kuna mama mmoja amenyamaza tangu Pasaka,
lakini matango ni yake.

Kimya. Radieta inagonga ndani kwa ndani.
Halafu fundi anazungumza, akiitazama mikono yake:
"Lifti ikikwama na watu ndani,
hatuanzi na spana.
Tunagonga mlango kwanza. Tunasema,
nipo hapa, ghorofa ya tatu, nakusikieni.
Msiusukume mlango.
Wengine hulia. Mmoja aliniomba nimwimbie."
"Ukamwimbia?"
"Vibaya sana."

Nje, tramu ya kwanza inapinda kona ikilalamika.
Namimina chai iliyobaki, tunagawana kifuniko.
Anauliza: "Saa ngapi, hiyo Alhamisi?"

Karatasi hupotea, nazijua karatasi.
Nashika mkono wake, naandika kiganjani
kwa kalamu ya Bożena: saa kumi na moja.

Huenda akaja.
Huenda akanawa mikono.